Ala ya bastola

Askari anasema holsta. Mwandishi wa riwaya za upelelezi anaandika mfuko wa bastola, mwenzake anaandika mkoba. Mfasiri wa filamu, kwa kuwa muda unambana, anakikwepa kifaa chenyewe: jamaa "alichomoa bastola kiunoni", basi, tunaendelea. Hakuna anayelalamika kwa sababu hadithi imeeleweka. Shida huanza pale mtu anapotaka kukichagua kifaa hicho na kukivaa kutwa nzima kazini.

Mimi nashika upande wa ala. Ala ni makazi ya upanga, kisu au jambia, na sifa yake kubwa ni kwamba hutengenezwa kwa kipimo cha silaha moja. Ala ya jambia la Kiomani imepinda, wala huwezi kuchomeka humo kisu cha jikoni ukategemea kitulie. Mfuko hauna ubaguzi huo: unapokea chenji, funguo, simu na leso. Mkoba ndiyo kabisa. Ukiita kifaa cha bastola mfuko, umemruhusu msomaji afikiri kwamba chochote kinachotosha kinafaa, na hilo ndilo kosa la kwanza la mnunuzi.

Wapo watakaosema ala ni vyombo vya muziki. Ni kweli, lakini sijaona mtu aliyesikia "ala ya upanga" akaanza kutafuta ngoma. Holsta nayo siichukii. Waingereza waliipata kwa Waholanzi katika karne ya 17, wakati bastola zilipokuwa zikining'inizwa mbilimbili kwenye tandiko la farasi, na katika mazungumzo ya kambini iendelee kutumika. Ila haimwambii kitu asiyekijua kifaa. Ala inamwambia, tena inazaa: ala ya kiunoni, ala ya begani, ala ya kifuani.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayovaliwa sana Alaska. Waongozaji wa wavuvi kwenye mto Kenai husimama majini wakiwa na suruali ndefu za mpira zinazopanda hadi kifuani, na samoni wanaowavuta wageni huwavuta pia dubu wa kahawia. Bastola ikivaliwa kiunoni, inazama au inafunikwa na suruali. Ukitoka majini ukabeba shanta, mkanda wake mpana wa kiunoni unakaa palepale ilipo bastola na kuigandamiza kwenye mfupa wa nyonga. Ndiyo maana ala ikahamia kifuani: mkanda mmoja unapita juu ya bega, mwingine unazunguka mbavu, na bastola inalala kimshazari chini ya titi, mpini ukielekea mkono unaotumika. Mtu anaweza kuinama, kuketi kwenye mashua au kupasua kuni bila kuigusa. Wazo lenyewe si geni. Wanajeshi wa vifaru wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia walivaa bastola begani, kwa kuwa ndani ya kifaru kiunoni hapakuwa na nafasi.

Uzito nao una neno lake. Bastola ya mzunguko ya .44 Magnum, ambayo wengi huko huichagua kwa sababu ya dubu, hukaribia au kupita kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Ukanda mwembamba utakukata bega kabla ya saa sita mchana. Tafuta ukanda mpana, usio na kifungo cha chuma pale unapopita ukanda wa shanta.

Sasa tuje kwenye usalama, na hapa napendekeza istilahi ya pili: mshiko. Upo mshiko wa umbo, yaani ala inaishika bastola kwa kuwa imefuata umbo lake. Na upo mshiko wa kufuli, yaani kuna kikanda au kifungio ambacho lazima kidole kikifungue kwanza. Mshiko wa umbo unaonekana vizuri kwenye ala za Kydex, plastiki ngumu ambayo hutiwa joto hadi ilainike, ikakandamizwa juu ya bastola au kielelezo chake, kisha ikaachwa ipoe. Ikipoa inabaki na mbonyeo kwenye duara linalozunguka triga. Ndiyo maana bastola ikiingia unasikia "tak", na bila mlio huo ujue haijafika. Plastiki hiyo hainywi maji wala haivimbi, ila mchanga ukiingia ndani huikwaruza bastola.

Ngozi ni tulivu, haina kelele, na ikizoea mwili inapendeza kuivaa. Lakini inakunywa maji, na bastola ikilazwa ndani ya ngozi yenye unyevu itashika kutu. Ubaya wake mkubwa zaidi huja na uzee: mdomo wa ala hulegea na kukunjika kwa ndani, na kunjo hilo likiingia mbele ya triga wakati mtu anarudisha bastola, linaweza kuifyatua. Ala ya ngozi iliyolegea mdomo haitengenezwi, inatupwa. Zile za nailoni zinazouzwa kwa bei ya chini, "saizi moja kwa bastola zote", ndizo pekee ninazokubali ziitwe mifuko.

Usihadaike pia na ngazi za mshiko, yaani madaraja ya kupima jinsi ala inavyozuia bastola isinyakuliwe. Mfumo huo ulianzishwa Marekani miaka ya 1970 na Bill Rogers, aliyewahi kuwa wakala wa FBI, kwa ajili ya polisi anayeweza kunyang'anywa silaha akiwa anakabana na mtuhumiwa. Mtu wa porini anapambana na matawi, utelezi na kuanguka. Mshiko mzuri wa umbo pamoja na kikanda kimoja unamtosha, na kufuli tatu zitamchelewesha tu.

Nikiwa hapohapo: huko Alaska bastola siyo jibu pekee. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa dawa ya kupuliza ya pilipili iliwazuia dubu katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio waliyoyachunguza. Na kopo hilo nalo huvaliwa kwenye ala yake, kifuani au kiunoni, maana likiwa ndani ya shanta halimsaidii mtu.

Kwetu askari wa wanyamapori wamezoea kubeba bunduki, na raia mwenye bastola ya leseni kwa kawaida huificha chini ya shati. Hata hivyo vipimo havibadiliki. Triga ifunikwe yote, pasiwe na pengo la kupenyeza kidole. Mdomo wa ala ubaki wazi bastola ikitoka, ili irudishwe kwa mkono mmoja. Kisha hakikisha mara mbili kwamba bastola haina risasi, ichomeke, igeuze ala kichwa chini juu ya godoro na uitikise kwa nguvu. Ikidondoka, usiinunue. Na unapoagiza, taja aina na modeli ya bastola, urefu wa mtutu na mkono unaoutumia. Muuzaji asiyekuuliza hayo anakuuzia mfuko.