Taharizi na Kikwapa: Msamiati wa Nguo ya Kuungwa

Katika karne ya 19, kitambaa kilichofika Ujiji kilikuwa fedha. Merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, ilibebwa na wapagazi kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, ikapimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Livingstone aliporejea Ujiji mwaka 1871, alikuta aliyekabidhiwa mali yake amekwisha kuiuza. Aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata moja.

Fundi wa zama hizo angethubutuje kukata nguo ovyo na kutupa mabaki? Jibu limo katika kanzu. Badani, yaani pande la mbele na la nyuma, hukatwa wima, kwa kufuata upana wa jora. Ubavuni huungwa taharizi ili kuipanua. Mstatili mmoja ukikatwa kwa mshazari hutoa vipande viwili, vyembamba juu na vipana chini, wala hakuna kinachobaki sakafuni. Chini ya kwapa hutiwa kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne. Pasipo hicho, mwenye kanzu ya kubana akiinua mkono, mshono hufumuka. Yapo pia kaba ya shingoni, sijafu ya mkononi, na lisani, ambayo kwa Kiarabu ni ulimi.

Nilipofundisha chuo cha ualimu niliyaandika maneno haya ubaoni. Taharizi, wengi walidhani ni bahari ya ushairi! Siwalaumu, ukilisikia karibu na tarbia na takhmisa, halijitengi. Linalonisikitisha ni kwamba siku hizi kila kiungo cha nguo huitwa kiraka. Kiraka huziba tundu, huja baada ya nguo kuchakaa. Taharizi ilikwisha kukadiriwa kabla mkasi haujafunguliwa. Tukiyachanganya, ustadi wa fundi tunauita umaskini.

Leso nazo, yasimuliwa, zilianza hivyo huko pwani: vitambaa sita vya mraba, vitatu kwa vitatu, vikaungwa kuwa vazi moja. Neno lenyewe ni la Kireno, nalo lilimaanisha kitambaa cha mkononi tu. Doti nayo imehama. Hapa Kigoma, muulize muuza kanga doti ni mikono mingapi. Atakukunjulia vipande viwili pacha.