Tuandikeje Wasifu wa Wanawake Waganga

Asomaye habari za uganga wa kisasa katika nchi ya Ufipa na kando ya Ziwa Tanganyika hukutana kwanza na jina la Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Huko alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Wengi wameandika maisha yake, naye mwenyewe aliyasimulia katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Alistahili. Lakini mkewe, Agnes Wansahira, hupewa mistari michache tu: mke wa fulani, mama wa padri.

Basi twauliza: katika miaka hiyo 67, watoto wa Ufipa walipokelewa na mikono ya nani? Kutoka Kasesya, mpakani na Zambia, hadi Karema ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na uchungu wa uzazi haungoji. Walipokelewa na wakunga, wanawake watu wazima ambao majina yao hayamo katika daftari lolote. Wasifu kama tuuzoeavyo huanza na shule, hufuata cheti, kisha cheo na nishani. Mkunga hana hata kimoja, na kwa hiyo kalamu humruka.

Wanahistoria wanaotetea haki za wanawake wametufundisha kuuliza maswali mengine. Nani alimfunza kazi, mama yake au mama mkwe? Alilipwa kuku, au shukrani tu? Alipoitwa usiku, nani alibaki na watoto wake, na nani alimlimia shamba? Wangapi walifia mikononi mwake, naye aliubebaje msiba huo? Swali hili la mwisho ni zito, lakini wasifu usioligusa hugeuka kuwa utenzi wa sifa.

Tena yafaa kumchunguza mwandishi. Bibi Narwimba, mmoja wa wanawake wa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, alisimulia maisha yake kwa mmisionari Elise Kootz-Kretschmer. Mwaka 1993 Marcia Wright aliyachambua upya kitabuni. Aliyeshika kalamu ndiye aliyechagua la kubaki.

Hata wenye vyeti hawajasalimika. Esther Mwaikambo, aliyehitimu udaktari Urusi mwaka 1969 na kushiriki kuanzisha chama cha madaktari wanawake mwaka 1987, hutajwa kuwa daktari mwanamke wa kwanza nchini, kisha msimulizi hunyamaza. Neno “wa kwanza” ni tamu, nasi tuliozoea kutunga mashairi twalipenda mno. Lakini halielezi kazi ya siku moja wodini.

Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mwimbaji. Mkunga wa Kasesya angali anangoja wake. Mwanafunzi atakayekwenda kwake na daftari amwombe mzee wa nyumba, kwa adabu, amwache bibi ajijibie mwenyewe.