Amiri wa Dameski



Wapendwa wasikilizaji, aliyepata kuketi karibu na wazee wetu amesikia habari za misafara ya watumwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara waliotoka pwani, wengi wao Waislamu, waliteka watu katika Maniema na kando ya ziwa Tanganika, wakawaongoza hata baharini wamefungwa minyororo. Habari hizo ni za kweli, wala si halali kuzisahau. Lakini wako watu ambao katika ukweli huo hutoa neno lisilo la kweli. Husema kwamba katika dini ya jirani yao Mwislamu hamna jema hata moja. Leo tulipime neno hilo kwa maisha ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Amiri Abd el-Kader, aliyezaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika Aljeria. Alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, mtu wa sala na vitabu. Wafaransa walipoingia katika nchi yake, aliongoza vita juu yao tangu mwaka 1832 hata 1847. Mwaka 1841, vita ikingali kali, Mhashamu Dupuch, Askofu wa kwanza wa Algiers, alimwandikia barua akimwomba amfungulie mfungwa mmoja. Amiri alijibu kwa kumwonya: mtumishi wa Mungu angalipaswa kuwaombea wafungwa wote, si mmoja tu, tena ingalikuwa vizuri zaidi kama angaliwakumbuka pia Waislamu waliokuwa katika magereza ya Wafaransa. Askofu hakukasirika, na mwaka uleule wafungwa wa pande zote mbili walibadilishwa. Ndivyo Mwislamu alivyomkumbusha Askofu wajibu wa mapendo.

Mwaka 1847 Amiri aliweka silaha chini, akiwa ameahidiwa kupelekwa katika nchi za Waislamu. Ahadi ile haikushikwa. Alizuiliwa katika Ufaransa hata mwaka 1852. Tena Mhashamu Dupuch alikwenda kumtazama kifungoni, akaandika kitabu cha kumtetea. Alipokwisha kufunguliwa, Amiri alikaa kwanza katika Uturuki, kisha mwaka 1855 akahamia Dameski, katika Siria.

Katika nchi ile uchungu ulikuwa umezidi tangu mwaka 1856, Sultani alipoamuru Wakristu na Waislamu wawe na haki sawa. Mwaka 1860 vita ilizuka katika milima ya Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristu Wamaroni. Tarehe 9 Julai ghasia ikafika Dameski. Mtaa wa Wakristu ulichomwa moto, na watu maelfu waliuawa. Usiku ule waliuawa Wafransisko wanane na ndugu watatu Wamaroni ndani ya konventi, wale ambao Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 2024.

Amiri alifanya nini? Aliwatuma watu wake, Waaljeria waliomfuata uhamishoni, wapite katika njia zenye moto wakiwatafuta Wakristu. Nyumba yake ilijaa watu: mapadri, masista, makonsuli, wajane na watoto. Nyumba ilipokuwa haitoshi, aliwapeleka ngomeni kwa makundi, wakilindwa na watu wake. Aliahidi fedha kwa kila mtu atakayemletea Mkristu aliye hai. Wakati wauaji walipofika mlangoni kudai watu wale, alitoka mwenyewe kuwazuia. Wala hakuwa peke yake: katika mtaa wa Midan Waislamu wengine pia waliwaficha jirani zao. Hivyo maelfu ya Wakristu waliokoka. Baba Mtakatifu Pio wa 9 alimpa Amiri nishani.

Askofu mwingine wa Algiers, Mhashamu Pavy, alimwandikia kumshukuru. Amiri alijibu mwaka 1862 kwamba aliyoyatenda aliyatenda kwa sababu dini yake ilimwamuru, na kwa sababu haki za wanadamu zapasa kuheshimiwa. Tusikilize vema jibu hili. Hakusema kwamba aliwaokoa Wakristu ingawa ni Mwislamu. Alisema aliwaokoa kwa kuwa ni Mwislamu.

Sasa jambo hili latuhusu sisi. Mwishoni mwa mwaka 1860 padre kijana Mfaransa alifika Dameski kugawa misaada, akaonana na Amiri. Padre huyo aliitwa Charles Lavigerie. Ndiye aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, ambao walileta Injili kwenye ziwa Tanganika. Ndiye tena aliyehubiri mwaka 1888 katika Paris, London na Brussels, akipinga biashara ya watumwa kwa nguvu zote. Macho yaleyale yaliyolilia watumwa wa Maniema yalikuwa yamemwona Mwislamu aliyeokoa Wakristu.

Nasi tukumbuke hivi. Mwaka 1526 Afonso wa Kwanza, mfalme Mkristu wa Kongo, alimlalamikia mfalme wa Ureno kwamba watu wake walikuwa wakitekwa na kuuzwa. Wanunuzi walikuwa Wareno waliobatizwa. Je, tungekubali mtu atuhukumu sisi na ubatizo wetu kwa matendo ya wale? Basi tusimhukumu jirani wa Kasongo au Kindu kwa matendo ya wenye misafara.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Eklezya haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Huku si kuchanganya dini, wala si kupunguza imani yetu katika Kristu. Ni kukiri kwamba kila wema watoka kwa Mungu mmoja.

Swali: Twavunja amri gani tukisema kwamba dini ya jirani haina jema lolote?
Jibu: Twavunja amri ya nane, kwa kuwa twashuhudia uongo.

Swali: Je, kuheshimu wema huo ni kusahau mabaya yaliyotendwa?
Jibu: Hapana. Mwenye kupenda ukweli hutaja ubaya na wema, kila kimoja kwa jina lake.

Swali: Juma hili tutende nini?
Jibu: Kila mmoja atafute tendo moja jema la jirani wa dini nyingine, alisimulie nyumbani mwake mbele ya watoto.

Mungu awabariki nyote.