Kwa nini mandhari na apleti za Linux huvunjika? Historia fupi

Leo naweka kando mambo ya seva ili tuzungumzie kitu ambacho karibu kila mgeni wa Linux hukigusa wiki ya kwanza: kubadilisha sura ya eneokazi. Unapakua mandhari nzuri, unaweka apleti mbili tatu kwenye paneli, unafurahi. Baada ya miezi unasasisha mfumo, na sasa maandishi ni meupe juu ya kitufe cheupe, na apleti moja haionekani kabisa. Wengi humlaumu aliyetengeneza mandhari. Tatizo hili lina umri wa zaidi ya miaka 20, na ukijua lilikotoka utajua pia mahali pa kuanza kulitafuta.

Oktoba 1996 Mjerumani Matthias Ettrich alianzisha KDE. Ilisimama juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ambayo leseni yake wakati huo haikuhesabiwa kuwa huru. Agosti 1997 Wamexiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakajibu kwa kuanzisha GNOME. Wao walichagua GTK, maktaba iliyoundwa kwa ajili ya GIMP. Naam, vitufe vya eneokazi zima vilitoka kwenye programu ya kuhariri picha.

Katika GTK ya zamani mandhari ilikuwa na sehemu mbili. Faili ya maandishi iitwayo gtkrc ilitaja rangi na mpangilio. Uchoraji wenyewe wa kitufe ungeweza kuachiwa injini, yaani msimbo wa C uliopakiwa ndani ya kila programu uliyofungua. Clearlooks ilikuwa injini ya namna hiyo, na Murrine vilevile. Mwenye injini aliweza kuchora karibu chochote. Lakini injini ikiwa na hitilafu, programu nzima inaanguka, na lawama zinamwendea mwenye programu ambaye hana habari. Lishike hilo, litarudi tukifika 2019.

Apleti zilikuwa na shida tofauti. GNOME ilijengwa juu ya CORBA, na katika GNOME 2.0 ya Juni 2002 apleti ziliongea na paneli kupitia tabaka lililoitwa Bonobo. Ili paneli iijue apleti yako ulihitaji faili yenye kiambishi .server, yenye kitambulisho kirefu kinachoanza na OAFIID. Waliotumia GNOME 2 watakumbuka kisanduku kile: paneli imeshindwa kupakia OAFIID fulani, je, uifute? (Mimi wakati huo sikuwa hata darasa la kwanza. Nimekiona kwenye mashine pepe tu.) Kuandika apleti kulichosha, ila kulikuwa na faida moja kubwa: kwa kawaida apleti ilikuwa na mchakato wake. Ikifa, inakufa peke yake. Paneli inakuuliza kama uipakie upya, na kazi yako inaendelea.

Aprili 2011 ikaja GNOME 3.0 na kubadilisha mambo yote mawili kwa mpigo. Paneli ya zamani iliachia nafasi GNOME Shell, ambayo sehemu kubwa yake imeandikwa kwa JavaScript, na viendelezi vikaingia ndani ya mchakato uleule wa Shell. Kwa upande wa sura, GTK 3 ilileta CSS. Hapo ndipo mambo yaliponoga: kila aliyewahi kutengeneza tovuti sasa aliweza kutengeneza mandhari bila kugusa C.

Ila tazama kilichotokea. Majina uliyoandika kwenye CSS yalikuwa mambo ya ndani ya GTK. Hakuna aliyeahidi kwamba yatabaki, na toleo baada ya toleo yakawa yanahama. Kubwa kuliko yote lilikuwa GTK 3.20, Machi 2016. Kabla yake uliandika jina la aina ya kitu, kwa mfano GtkButton. Baada yake ukatakiwa kuandika button. Mandhari ambayo haikuandikwa upya ilionekana kama nyumba iliyoezuliwa paa. Hata JavaScript haikupona: GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadilisha namna moduli zinavyoingizwa, na kila kiendelezi cha zamani kikahitaji kuhamishwa kwa mkono.

Mei 2019 kundi la watengenezaji wa programu waliandika barua ya wazi wakiwaomba wasambazaji wa Linux waache kubandika mandhari zao juu ya programu za wengine. Malalamiko yalikuwa yaleyale ya enzi za injini: wanapokea ripoti za hitilafu ambazo si zao. Walisema wazi kwamba hawamkatazi mtu kuchezea mashine yake mwenyewe. Kisha, 31 Desemba 2021, ikatoka libadwaita 1.0, ambayo haifuati mandhari ya GTK uliyoichagua. Ukitaka kuigusa unaweka mistari yako ndani ya ~/.config/gtk-4.0/gtk.css na kuomba heri.

Mimi nawaelewa. Nami naandika programu, na ripoti ya hitilafu isiyo yako ni mzigo. Lakini mlango huu ukibanwa, wanaoumia zaidi ni watu kama sisi. Chukua saa. Mipangilio inakupa saa 12 au saa 24, basi. Mama yangu anasema saa moja asubuhi, kompyuta inasema 7:00. Sitarajii mtu aliye Boston aniwekee kitufe cha saa ya Kiswahili, na wala simdai. Ninachohitaji ni mahali pa kukiweka mwenyewe.

Ndiyo maana natumia Cinnamon. Clement Lefebvre na wenzake wa Linux Mint waliitoa mwishoni mwa 2011 kwa kuchukua msimbo wa GNOME Shell na kuuendeleza kivyao, na wakairudisha paneli na apleti zake. Apleti ni folda ndani ya ~/.local/share/cinnamon/applets yenye faili mbili, metadata.json na applet.js. Hesabu ya saa yetu ni mstari mmoja: jumlisha 6 kwenye saa ya Nairobi, chukua baki ya kugawanya kwa 12, na baki ikiwa sifuri andika 12. (Mvivu anaweza kuweka saa ya Buenos Aires kwa mtindo wa saa 12. Tofauti ni saa 6 kamili. Tarehe tu ndiyo itakayomchezea baada ya saa sita usiku.)

Apleti isipotokea kwenye paneli, kwanza angalia kama jina la folda linalingana herufi kwa herufi na uuid iliyo kwenye metadata.json. Likilingana, bonyeza Alt+F2, andika lg, na kidirisha cha Looking Glass kitakuonyesha makosa. Mengine yako kwenye ~/.xsession-errors. Ukiona saa imeondolewa lakini kumbukumbu bado zinaandikwa kila dakika, kipima muda hakikuzimwa ndani ya on_applet_removed_from_panel. Na kwa kuwa apleti inaishi ndani ya mchakato wa Cinnamon wenyewe, kitanzi kisicho na mwisho hugandisha eneokazi zima. Jaribu Ctrl+Alt+Esc kuiwasha upya Cinnamon. Madirisha yako yatabaki wazi. Ikikataa, Ctrl+Alt+F2 hukupeleka kwenye ukurasa mweusi wa kuingia. Ingia, toa folda ya apleti mahali pake, iwashe upya Cinnamon, kisha urudi.