Mbwa Kali: Aliyemfunza Alifunzwa na Nani?

Mwaka jana niliweka hapa video ya mbwa wetu akiwa ametoka kwa mkufunzi mmoja wa hapa Nakuru. Wiki 6 za mafunzo. Jamaa analiza vidole tu, mbwa analala chini, masikio yamelala nyuma, mkia hautikisiki. Mliipenda sana. Wengi mliniuliza namba ya huyo jamaa, na mimi nikawapa.

Miezi miwili baadaye binamu yangu wa miaka 7 alipita karibu na huyo mbwa akila muwa. Mbwa aliona fimbo. Mtoto akaumwa mkono. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, halafu tukakimbia hospitali aanze sindano za kichaa cha mbwa.

Nikiitazama ile video sasa, naona kitu ambacho sikukiona: ile haikuwa heshima, ilikuwa hofu. Na sikuwahi kumuuliza jamaa alijifunzia wapi. Basi nimekaa nikafuatilia historia ya kazi hii huku kwetu, na kusema ukweli, imeniaibisha kidogo.

Tuanze na msitu wa Mau. Waogiek walikuwa wakiwinda na mbwa huko kabla reli haijafika Nakuru mwaka 1900. Hakukuwa na cheti, lakini kulikuwa na shule: kijana alitembea na wakubwa msituni na kujifunza kwao. Ukimharibu mbwa, nyama haifiki nyumbani na kila mtu anajua ni wewe. Huo nao ni mtihani.

Sasa njoo Njoro. Beryl Markham, yule rubani maarufu, alikulia huko kwenye shamba la baba yake aliyekuwa akifunza farasi wa mashindano. Akiwa na miaka 18 hivi, yapata miaka 100 iliyopita, naye alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Hebu fikiria. Enzi za ukoloni, hapa hapa Bonde la Ufa, farasi wa mbio alihitaji mkufunzi mwenye leseni, kwa sababu farasi alikuwa pesa ya watu. Mbwa wa nyumbani, anayelala hatua 10 kutoka kwa watoto wetu, leo anaweza kufunzwa na yeyote mwenye kamba na simu.

Polisi wa Kenya walianzisha kitengo chao cha mbwa mwaka 1948. Kule afisa hakabidhiwi mbwa tu aende zake. Wanafunzwa pamoja, maana pua nzuri ya mbwa haisaidii kitu kama anayeshika kamba hajui kumsoma. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu, na kituo chake kikawa Usa River, karibu na Arusha. Askari wa KWS walienda huko kufunzwa na mbwa wao kabla ya kupelekwa bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa JKIA. Kwa hivyo msiniambie Waafrika Mashariki hatujui jinsi kazi hii inavyofanywa. Tunajua. Ni mbwa wa nyumbani tumewasahau.

Najua kuna mtu atasema: cheti ni karatasi tu, wapo wenye karatasi na hawajui kitu. Ni kweli, na ndiyo sababu cheti cha zamani pekee hakitoshi. Chukua ile hadithi ya kwamba lazima umwonyeshe mbwa wewe ndiye dume kuu. Ilitokana na utafiti wa mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja, uliochapishwa mwaka 1947. Mtaalamu wa Marekani, David Mech, aliieneza kwenye kitabu chake cha 1970. Mwaka 1999 Mech huyo huyo akaandika kwamba porini kundi ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Mtaalamu mwenyewe alirudi kujisahihisha, lakini mtaani kwetu bado kuna watu wanakandamiza mbwa chini kwa somo lililofutwa.

Daktari wa mifugo Kenya hatakiwi kuishia na digrii. Ili leseni yake iendelee, bodi inamtaka aonyeshe anaendelea kusoma. Kwa nini anayeunda tabia ya mbwa asiulizwe hata swali moja?

Mpaka sheria itakapofika huko, maswali tuulize sisi wenyewe. Ulifunzwa na nani? Mara ya mwisho kusoma jambo jipya ni lini? Naweza kukaa nitazame ukifunza? Akikataa hilo la tatu, chukua mbwa wako muondoke. Na mkumbuke kumpiga na kumtisha mnyama kikatili ni kosa chini ya Sura ya 360 ya sheria zetu, hata kama unaita mafunzo.

Binamu yangu alimaliza sindano zake na yuko sawa, ingawa mbwa akibweka bado anakimbilia ndani. Bango la "Mbwa Kali" tumeling'oa getini. Video nimeifuta. Wale niliowapa ile namba, tafadhali msiipige.