Igisoro

Igisoro ni mchezo wa bao wa eneo la Maziwa Makuu, unaochezwa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Ubao una mashimo 32 katika safu 4, na kila mchezaji ana kete 32.

Ni ndugu wa bao la Kiswahili, ila kanuni zinatofautiana. Mchezaji wa pwani huanza na kete 22 mkononi, akiziingiza ubaoni moja moja katika hatua ya mwanzo iitwayo kunamua. Wanaojifunza huruka hatua hiyo: huweka kete mbili katika kila shimo.

Igisoro pia huanza kete zote zikiwa ubaoni. Kete zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji. Asiye na pa kucheza ameshindwa.