Uyoga wa Dawa: Kabla Utume Doh kwa Hiyo Poda, Chanuka Kwanza

Cheki, siku hizi ukifungua simu asubuhi lazima kuna msee anakuuzia uyoga. Kahawa ya reishi, kapsuli za laionzi meini, poda ya kordisepsi. Zote zinaahidi akili itulie, presha ishuke na mwili upate nguvu. Hata hapa Suna, iwe Migori mjini, Kakrao ama Masara, hukosi mtu wa begi na karatasi ya bei. Kabla ubonyeze namba ya siri, soma hii polepole. Hifadhi, utaihitaji siku beshte yako akikuja na hiyo stori.

Uyoga si kitu ya juzi

Kwa Dholuo ni obuolo, na shosho yako aliula kabla hizo pakiti zifike. Mvua ikishika, vichuguu vinatoa ule mkubwa wenye kofia pana. Mkulima wake ni mchwa: anabeba majani makavu, anaulisha chini ya ardhi, halafu anamanga. Ndio maana hauwezi kuupanda shambani kama sukuma wiki.

Na dawa kutoka kwa jamaa za uyoga ni za ukweli. Penisilini ilitoka kwa ukungu ambao Alexander Fleming aliuona London mwaka wa 1928. Miaka ya 1970, Mjapani Akira Endo alipata kwa ukungu dawa ya kwanza ya ile familia ya kushusha kolesteroli. Kwa hivyo hakuna anayesema uyoga ni bure. Swali ni uyoga gani, kiasi gani, na kwa ugonjwa gani.

Yale majina kwa pakiti

*Reishi.* Wachina wanauita lingzhi. Ni mgumu kama ubao, kwa hivyo unachemshwa ama unasagwa. Mwaka wa 2015 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 5 yenye watu 398, wengi wakiwa na kisukari. Haukuonekana kusaidia sukari wala kolesteroli.

*Laionzi meini.* Ni mweupe, umeninginia kama ndevu. Jaribio linalotajwa sana ni la Japani, 2009: watu 30 wa miaka 50 hadi 80 walioanza kusahausahau, gramu 3 kwa siku, wiki 16. Walifanya poa kuliko wenzao waliopewa vidonge bandia, lakini wiki 4 baada ya kuacha, alama zikashuka. Wewe una miaka 22 na unasomea mtihani. Hiyo si stori yako.

*Kordisepsi.* Ule wa porini unaota juu ya kiwavi kwa milima ya Tibet na bei yake ni ya kutisha. Kwa hivyo ile poda ya bei rahisi kawaida ni aina nyingine inayokuzwa kiwandani.

*Chaga.* Unaota kwa miti ya nchi za baridi kama Urusi. Una oksaleti nyingi, na kuna watu waliokunywa kila siku kwa muda mrefu wakaharibu figo.

*Mkia wa bata mzinga.* Japani ilikubali dawa iliyotolewa humo mwaka wa 1977, itumike pamoja na matibabu ya saratani. Soma tena: pamoja na. Si badala ya.

Hapa ndipo stori inakuwa nzito

Homa Bay na Migori ziko kati ya kaunti zenye maambukizi ya juu zaidi ya HIV Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia poda yake "inasafisha damu" ama "inalala na virusi", jua anaongea na nani. Hakuna uyoga unaotoa HIV mwilini. Hakuna.

Kumbuka Loliondo, Tanzania, 2011. Maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walipanga foleni kijiji cha Samunge wanywe kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wengine walikufa kwa foleni, na kuna walioacha ARV wakiamini wamepona.

ARV ukimeza kila siku, virusi vinashuka hadi kipimo kisivione, na ukikaa hapo huambukizi mtu kwa ngono. Ukiacha, vinarudi, na vinaweza kuzoea dawa. Kwa hivyo mathe, buda ama mpenzi wako akianza kusema "hii poda inatosha", hiyo siku mpeleke kliniki, usimngojee.

Na wewe unayemeza dawa za kupunguza kuganda kwa damu, za sukari ama za presha: reishi inaweza kuongeza kuvuja damu ama kushusha sukari na presha kupita kiasi. Muulize daktari kwanza.

Wa kuokota: chunga dhahabu

Uyoga unanyonya metali kutoka kwa udongo. Kwa machimbo kama Masara, Macalder na Osiri-Matanda, zebaki hutumika kukamata dhahabu. Usiokote karibu na hapo, hata kama ni ule shosho anaujua. Na usiamini ile ya "mbuzi amekula, ni salama". Kuna uyoga wenye sumu ambao unakaa saa 6 hadi 24 kabla uanze kutapika, na hapo ini liko taabani. Kama hauna uhakika, wacha.

Ratiba ya kila siku yenye maana

Tafuta oyster, ule wa kupandwa. Asilimia 90 ni maji, lakini una nyuzinyuzi, protini kidogo na beta-glukani zilezile wanazokutangazia.

1. Ukate, uanike jua la mchana kama saa moja. Jua linautengenezea vitamini D.
2. Upike uive kabisa. Mbichi unasumbua tumbo.
3. Kaanga na kitunguu na nyanya, dishi na ugali. Mara kadhaa kwa wiki inatosha.

Unaweza hata kuupanda kwa keja. Makapi ya miwa, ambayo upande wa Awendo hayakosekani, ama magunzi ya mahindi: pasha kwa maji moto, acha yapoe, changanya na mbegu, funga kwa mfuko, weka gizani wiki chache hadi yageuke meupe. Kisha toboa, nyunyizia maji, ruhusu mwanga kidogo na hewa.

Kabla ulipe, uliza

- Jina kamili la uyoga na gramu ngapi ziko ndani? "Mchanganyiko wa siri" si jibu.
- Kama inasema inatibu, imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Kama ni chakula, alama ya KEBS iko wapi?
- Anakuuzia poda, ama anataka ulete watu 3 chini yako?
- Hiyo doh ya mwezi ingenunua mayai na omena ngapi?

Na kama tayari unatumia, usifiche. Siku ya kliniki beba pakiti yenyewe, uiweke mezani, daktari asome.